Uwiano kwanza, mwendo baadaye: majibu kwa madai ya sproketi na cheni za gokati la porini

Wapo vijana wanaojiundia gokati la kukimbiza porini kwa vitu vinavyopatikana mtaani: mabomba ya chuma ya fremu, magurudumu ya bajaji, injini ya pampu ya maji au ya bodaboda, na cheni ya kuunganisha hivyo vyote. Kuchomelea wanakuweza. Wanakokwama ni kwenye sproketi na cheni, na hapo washauri huwa wengi kuliko wajenzi. Madai ninayoyajibu hapa nimeyasikia kwa mafundi ninaowaheshimu na kwa vijana wenye hamu ya kweli. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi. Lakini yanaunguza klachi, yanakata cheni, na yanawakatisha tamaa watu waliokuwa wamebakiza hatua chache tu gari litembee.

Dai la kwanza ndilo kubwa: "Injini ya farasi 6.5 ina nguvu za kutosha, weka uwiano wa 6 likimbie." Mwenye kusema hivi ana mfano mkononi, kwa kuwa gokati jepesi kwenye lami kweli hukimbia kwa uwiano huo. Porini hesabu ni nyingine, na hesabu yenyewe si ngumu, kwa hiyo tuifanye hadi mwisho.

Gurudumu la bajaji lenye tairi ya 4.00-8 lina kipenyo cha sentimita 41 hivi. Likizunguka mara moja, gari limesogea mita 1.29. Uwiano wa 6 maana yake injini izunguke mara 6 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Injini hizi za pampu, nyingi zikiwa nakala za Honda GX200, huzuiwa na gavana zisizidi sana mizunguko 3600 kwa dakika. Gawanya 3600 kwa 6, zidisha kwa 1.29, na utapata kilometa 46 kwa saa. Kwenye karatasi inapendeza.

Sasa tazama upande wa nguvu. Honda inaitaja GX200 kuwa na torki ya nyutonmita 12.4 kwenye mizunguko 2500. Zidisha kwa 6, gawanya kwa nusu kipenyo cha gurudumu ambayo ni mita 0.205, kisha ondoa sehemu moja ya kumi inayopotea kwenye cheni na beringi. Gurudumu linabaki na nyutoni 327 za kusukuma gari. Chukua gari la kilo 140 na dereva wa kilo 80. Kwenye mlima unaopanda mita 2 kwa kila mita 10, uzito huo peke yake unavuta kurudi nyuma kwa nyutoni 423, na ardhi ya udongo mgumu inaongeza nyingine 80 na ushee. Unahitaji zaidi ya 500, unazo 327. Hakuna kurekebisha kabureta kutakakoziba pengo hilo.

Halafu kuna klachi. Klachi ya gokati, ile inayojishika yenyewe injini ikipanda, hushika sawasawa kuanzia mizunguko 2000 hivi. Kwa uwiano wa 6, mizunguko 2000 ni kilometa 26 kwa saa. Kabla ya kufika mwendo huo, viatu vya klachi vinasugua bakuli bila kulishika. Barabarani hali hiyo hudumu kitambo kidogo tu. Kwenye mchanga, makorongo na vichaka, utakuwa chini ya kilometa 26 karibu muda wote. Ifungue klachi iliyotoka kwenye gari la namna hiyo uione: bakuli lina mabaka ya bluu na zambarau kwa joto, viatu vimekauka na kung'aa juu, na harufu ya kuungua haitoki hata ukiosha kwa petroli. Mwenye gari atasema ameuziwa klachi feki. Huenda ni kweli, ila hata klachi bora kuliko zote ingeungua pale.

Weka uwiano wa 10 na mambo yanabadilika. Nguvu ya gurudumu inapanda hadi karibu nyutoni 545, klachi inashika kwenye kilometa 15 kwa saa, na mwendo wa juu unabaki kilometa 28. Mtu wa mchanga mwingi au milima, kwa mfano anayekaa kwenye miteremko ya Usambara, afikirie hata 14, ambako klachi inashika kwenye kilometa 11 na mwendo wa juu ni 20. Najua tarakimu hizi zinamkatisha hamu kijana aliyeota mwendo. Lakini akiwa ameketi shubiri moja juu ya ardhi yenye mashimo, kilometa 28 kwa saa ni mwendo wa kutosha kumtoa machozi. Na gari linalopanda mlima kwa kilometa 15 linamzidi mbali lile la kilometa 46 lililosimama chini ya mlima likifuka moshi.

"Basi weka sproketi kubwa kabisa nyuma, mambo yamekwisha." Hili hufuata mara tu mtu akishakubali la kwanza. Klachi nyingi za kuvalishwa kwenye shafti ya injini huja na sproketi ya meno 10 kwa cheni ya nusu inchi. Ukitaka uwiano wa 10 kwa hatua moja, nyuma panahitajika meno 100. Sproketi ya meno 100 ya cheni hiyo ina kipenyo cha milimita 404. Gurudumu lako lina 410. Maana yake cheni inalima ardhi.

Hata ukishuka hadi meno 72, kutoka chini ya cheni hadi ardhini kunabaki milimita 53, na hapo tairi haijabonyea kwa uzito wala gurudumu halijazama kwenye matope. Jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto linatosha kupinda sproketi na kuiangusha cheni. Meno 42, saizi ya kawaida upande wa nyuma kwenye pikipiki, yanakuachia milimita 114. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi nyumbani umekaa kwenye gari au unalisukuma.

Dawa ni shafti ya kati. Injini inavuta shafti fupi iliyolala kwenye beringi mbili, na shafti hiyo inavuta ekseli. Meno 10 ya klachi yavute meno 34 kwenye shafti ya kati, kisha meno 14 upande wa pili wa shafti yavute meno 42 ya ekseli. Hatua ya kwanza ni 3.4, ya pili ni 3, zikizidishwa ni 10.2. Utaongeza gharama ya beringi mbili, kipande cha shafti na kazi ya mkereza vyuma, na utakuwa na cheni mbili za kutunza. Sikatai kwamba ni kazi ya ziada. Ila faida yake haiishii kwenye uwiano: ukitaka kubadilisha tabia ya gari, unabadilisha sproketi ndogo moja ya bei nafuu badala ya kuvua ekseli nzima. Weka 13 mahali pa 14 na umefika karibu 11.

Hapo mwingine atauliza kwa nini asiweke meno 7 au 8 mbele akaokoa shafti yote hiyo. Cheni haizunguki duara kamili, inazunguka pembe zilizoungana. Kadiri meno yanavyopungua, pembe zinakuwa kali na mwendo wa cheni unapanda na kushuka kila jino linapoingia. Kwa meno 8 tofauti hiyo inakaribia asilimia 8, kwa 10 ni asilimia 5 hivi, kwa 14 ni asilimia 2.5. Tena, kila kiungo kinakunjika nyuzi 45 kikipita kwenye meno 8, na chini ya 26 kikipita kwenye 14. Kukunjika huko chini ya mzigo ndiko kunakokula pini. Meno 10 ya klachi tunayavumilia kwa sababu hatua ya kwanza ina mzigo mdogo. Hatua ya pili, penye mzigo mkubwa, usishuke chini ya 13 kama una nafasi ya kuchagua.

"Injini ya bodaboda nayo hesabu ni hiyo hiyo." Siyo, na hapa watu hukosea kwa kuzidisha. Injini hiyo ina gia zake ndani. Zile za mtindo wa Honda CG125, ambazo nakala zake zimejaa kwetu, hupunguza mizunguko karibu mara 4 kabla hata ya kufika kwenye gia, na gia namba moja hupunguza tena kwa 2.8 hivi. Ukifunga meno 15 mbele na 45 nyuma, gia ya kwanza inakupa uwiano wa jumla unaozidi 33, na ya tano inakupa karibu 12. Juu ya hapo, gurudumu la bajaji ni dogo kuliko la pikipiki kwa theluthi moja hivi, nalo linaongeza nguvu ya kusukuma bila wewe kufanya lolote. Shafti ya kati ya kuongezea nguvu haina kazi hapa. Anayeiweka anapata gari ambalo gia ya kwanza na ya pili hazina matumizi, na injini inapiga kelele ya mwendo kasi huku mbwa akilipita. Sproketi za pikipiki ile ile, kama zilivyo, zinafaa au zinakaribia sana kufaa. Cha kuangalia ni cheni: gia ya kwanza huivuta kwa zaidi ya nyutoni 3000, mara mbili na zaidi ya mzigo wa injini ya pampu.

Mzigo huo unanifikisha kwenye madai mawili yanayopingana, na yote mawili yana kasoro. Mmoja anasema, "Cheni nene ndiyo salama." Mwingine anasema, "Weka ile nyembamba ya mashindano."

Dai hili la pili lina historia yake. Gokati lilizaliwa California mwaka 1956, Art Ingels alipounda gari dogo kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi, na mchezo ukakulia kwenye maegesho ya lami. Kwenye lami safi cheni nyembamba, kama namba 35 au 219 ya mashindano, ni nyepesi na inakuruhusu kuchagua uwiano kwa tofauti ndogo ndogo. Ila namba 35 haina rola zinazozunguka juu ya bushi zake. Jino linasugua bushi yenyewe, na mchanga ukiingia katikati unasaga kama msasa. Uimara wake ni karibu nyutoni 8000 kabla ya kukatika, kwa hiyo injini ya bodaboda kwenye gia ya kwanza inaiachia akiba ndogo mno, na gurudumu likiruka hewani na kutua huku linazunguka, akiba hiyo imekwisha.

Anayetaka nene kupita kiasi, yaani 520 au 530 za pikipiki kubwa, anajitwisha mzigo asiouhitaji. Cheni ya 428, ile ya bodaboda nyingi za cc 125 na 150, hustahimili zaidi ya nyutoni 15000. Mzigo wa hatua ya pili kwenye mfano wetu wa injini ya pampu ni kama nyutoni 1500. Akiba ni mara kumi. Cheni hizi haziuawi na nguvu ya injini, zinauawa na mchanga, na kupinda kwa mstari, na mishtuko. Tena 520 ina hatua ndefu zaidi, yaani umbali kutoka pini hadi pini, milimita 15.9 badala ya 12.7, kwa hiyo kwa idadi ile ile ya meno sproketi inakua kwa robo na kukurudisha kwenye balaa la kugonga mawe. Shauri langu ni 428 kwa injini ya bodaboda, na 428 au 420 kwa injini ya pampu. Zipo madukani hadi vijijini, na sproketi zake pia.

Nikisema 428 au 420, kuna anayesikia kwamba ni mamoja, kwa kuwa "cheni ya nusu inchi ni cheni ya nusu inchi." Tarakimu ya kwanza, 4, kweli inataja hatua: sehemu nne za nane ya inchi, yaani milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Mbili za mwisho zinahusu upana wa ndani. Wa 420 ni milimita 6.35, wa 428 ni karibu 8. Rola nazo si sawa, 7.77 kwa 8.51. Cheni ya 420 haikai kwenye sproketi ya 428 kwa sababu jino ni pana kuliko nafasi. Cheni ya 428 kwenye sproketi ya 420 inakaa, na huo ndio mtego wenyewe: inacheza kushoto na kulia, rola hazifiki chini ya bonde la jino, na baada ya muda mfupi meno yanachongoka. Kwenye shafti ya kati unaweza kutumia 420 upande mmoja na 428 upande wa pili bila tatizo, mradi kila cheni iwe na sproketi zake zote mbili.

"Kaza cheni mpaka isilie." Cheni iliyokazwa hadi ikatulia kabisa inavuta beringi za shafti ya kati na ekseli mchana kutwa, na kwa kuwa sproketi za kuchomelea mara chache huwa duara kamili kwenye kitovu, kuna mahali katika mzunguko itakapokaza zaidi. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, tafuta pale inapokaza kuliko kwingine, na uiregeze hapo hadi ipande na kushuka milimita 10 hadi 15 katikati, kwa umbali wa sentimita 40 kati ya shafti mbili. Kama ekseli ya nyuma ina springi na mkono wa kupanda na kushuka, fanya kipimo hicho pale mkono unapoivuta cheni kuliko kwingine, yaani ekseli, kitovu cha mkono na sproketi ya mbele zikiwa kwenye mstari mmoja.

Kelele mara nyingi hutokana na mstari, wala si kulegea. Laza rula ndefu iliyonyooka, au vuta uzi, ubavuni mwa sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Uzi uguse kingo zote mbili za kila sproketi. Ukiona mwanga upande mmoja, ongeza washa au sogeza beringi kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Na kabla hujachomelea kitako cha injini yenyewe, hakikisha inazunguka upande gani: GX200 na nakala zake, ukizitazama kwa upande wa shafti, huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo shafti inatakiwa itazame kushoto kwa dereva, ama sivyo gari litakwenda kinyumenyume.

Klipu ya kiungo cha kufungia cheni nayo ina upande. Ncha iliyozibwa itangulie kule cheni inakokwenda, mdomo uliofunguka ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, tawi la kichaka linatosha kuichomoa.

Limebaki suala la mafuta, na hapa desturi ina nguvu kuliko hoja. "Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini inatosha, au paka girisi." Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, alibuni cheni yenye pini, bushi na rola, na mpaka leo siri ya cheni hiyo iko ndani ya bushi, kule pini inakozunguka. Huko ndiko mafuta yanakotakiwa. Girisi haiingii, inakaa nje na kukusanya mchanga. Oili chafu inaingia, lakini inaingia na vumbi la chuma ililolitoa kwenye injini. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, iache ikauke, tia oili ya gia ya namba 90 kidogo kidogo upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu, subiri, kisha futa yote iliyobaki nje. Cheni inayong'aa kwa oili nje inakuwa na ganda la mchanga kabla hujamaliza shamba la kwanza.

Atakayesema cheni yake bado nzima kwa sababu haijakatika, apime. Ivute iwe imenyooka, hesabu nafasi 20 kutoka pini hadi pini. Mpya ya 428 au 420 ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, na ukiendelea nayo itakula sproketi ambazo zingeweza kuivumilia cheni ya pili.

Dai la mwisho ni fupi na ndilo linaloniudhi zaidi: "Kifuniko cha cheni ni urembo, nitaweka baadaye." Kwenye gokati cheni inapita karibu kabisa na mgongo na mkono wa dereva, na kiungo kikikatika kwa mizunguko 3600 kinaruka kokote. Suruali, kanga, kamba ya begi, kidole cha mtoto aliyesogea kutazama injini, vyote vinaingia kwenye meno kabla hujafikia swichi. Kata bati, likunje, lifunge kwa bolti nne juu ya cheni zote mbili. Fanya hivyo kabla ya kuliwasha gari kwa mara ya kwanza, na usimruhusu mtu yeyote akae kwenye kiti mpaka liwe limefungwa.